Nabadilisha Mafuta

Jumatatu, 3 Machi
Gereji nzima tumepimwa damu. Wenzangu salama, mimi mafuta yamezidi! Muuguzi akasema lehemu imejaa kwenye damu, moyo uko hatarini. Kwangu lehemu ni ya kuziba rejeta inayovuja, sikushtuka. Dawa yake? Nibadilishe mafuta: niache samli, nipikiwe kwa alizeti kidogo, ini lipate nafasi ya kuisafisha damu. Nikacheka kimoyomoyo. Miaka ishirini na mbili nabadilisha mafuta ya malori, nitashindwa na ya tumbo langu? Kipimo cha pili ni tarehe 31. Nikifeli, msimamizi anampa Fyuzi kiti changu cha kujaribia malori. Fyuzi ni fundi umeme wetu, tena kaka wa mke wangu. Hajui hata kurudi nyuma bila kugonga pipa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza. Vijiko vitatu vya alizeti asubuhi, tumbo tupu. Kisha mayai yangu ya samli kama kawaida. Mke wangu akauliza mbona samli bado ipo mezani. Nikamweleza taratibu: mapya yanaingia, ya zamani yanasukumwa nje. Hajasomea injini, masikini.
Fyuzi kaacha samli kabisa. Anakula maharage ya alizeti, kijiko kimoja sufuria nzima! Huyo, moyo wake utasaga vyuma.

Ijumaa, 14 Machi
Tumbo limefunguka! Nimesimamisha lori la mteja mara mbili, mwenyewe akiwa pembeni yangu, nikakimbilia vichakani. Msimamizi akauliza kulikoni. Nikamwambia machafu yanatoka, ni dalili njema. Fyuzi akainamia waya zake, mabega yakimcheza. Acheke. Nimeongeza kijiko cha nne.

Jumapili, 30 Machi
Hili siliandiki kwa furaha. Baba alianguka chini ya gari, spana mkononi, moyo umesimama. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Mimi natimiza hiyo mwezi wa sita. Naogopa, basi. Nimekunywa vijiko sita vya kumalizia.

Jumatatu, 31 Machi
Mafuta yamepanda! Kilo zimeongezeka tatu! Muuguzi akauliza nimefanya nini, nikamweleza kwa fahari. Akavua miwani. Akasema alizeti ilikuwa ishike nafasi ya samli, si kupanda juu yake. Mafuta mema nayo ni mafuta, yakizidi mwili unayahifadhi. Akasema mwili si lori. Hapo nikaona elimu yake inapoishia.
Funguo kapewa Fyuzi. Kazipokea kwa mikono miwili, akasema shemeji nitakuwekea kiti joto, upone urudi. Hiyo imeniuma kuliko kama angenicheka. Nyumbani mke wangu akalia. Akasema hataki kuletewa spana yangu mlangoni kama mama yangu alivyoletewa ya baba. Kopo la samli kalipeleka kwa jirani. Nikamshika mkono, nikamwahidi safari hii nitafanya sawasawa.

Jumanne, 1 Aprili
Sikulala vizuri, lakini nimeamka na jibu. Nimejiona mjinga! Fundi gani hubadilisha mafuta bila kugusa filta? Ndiyo maana yalikataa kushuka. Kesho asubuhi namfuata muuguzi kumuuliza ya mtu inakaa upande gani. Kabla ya hapo napitia kwa jirani: mayai hayakaangiki kwa maji.