Jinsi Mkono Mrefu Alivyobadili Glavu

Enyi waungwana, wekeni vikombe chini mnipe masikio, niwasimulie habari za Mkono Mrefu, mpandishaji ng'ombe kwa mrija, baba wa ndama elfu asiowazaa yeye, na siku ile kuu alipobadili glavu.

Palikuwa na mtamba mwekundu wa Bibi mmoja wa kijijini, aliyenunuliwa mnadani angali ndama. Mara tatu Mkono Mrefu alimtia mbegu, na mara tatu ikawa kutwanga maji kwenye kinu. Ikashukiwa kwamba alizaliwa pacha na dume, wakachangia damu tumboni. Na mtamba wa namna hiyo hazai hata aombewe. Mkono Mrefu akamtoa damu, ikapelekwa maabara, nayo mashine isomayo vinasaba ikahukumu: humu mna udume. Mwenye bucha akaitwa, akaahidi kuja Ijumaa. Bibi, aliyemlea mnyama yule kwa chupa, alilia mbele za watu wala hakuona haya.

Ndipo bingwa wa maabara, mwanamke asiyetishika, akampigia Mkono Mrefu simu.

"Kaka, siku ile ya kutoa damu ulianzia wapi?"

"Kwa jirani. Nilipandisha ng'ombe wake, halafu nikaja kwa Bibi kutoa damu."

"Kwa glavu zilezile?"



"Dada, nilikuwa na haraka."

"Basi mimi nimepima mbegu za fahali wako."

Miaka ishirini ya sifa ilimshika miguu asiende. Akaenda. Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni pa zizi, akanena kwa sauti kuu, majirani wakisikia:

"Bibi, kosa ni langu, si la ng'ombe!"

Kisha akafungua pakiti mpya. Akavaa ya kulia. Akavaa ya kushoto, ambayo ilikataa kidole gumba, akapambana nayo hadi ikasalimu amri. Mtamba akamtandika teke gotini. Hakurudi nyuma hata hatua, akaifyonza damu kwa sindano kutoka mshipa wa mkia, akachechemea nayo hadi maabara.

Ijumaa mwenye bucha alikuwa amekwisha kumfunga mtamba kamba shingoni simu ya Mkono Mrefu ilipolia.

"Udume haumo hata chembe," alisema bingwa. "Ni jike mtupu."

Bibi aliifungua kamba mwenyewe, akamrudishia mwenye bucha. Kisha akamgeukia shujaa.

"Kanawe, mwanangu. Vizuri. Halafu tujaribu mara ya nne."

Na tangu hapo watu wa pale huhesabu miaka kwa namna mbili: kabla ya glavu, na baada yake.