Kingamwili Zenu Zinasingizia Hata Maji

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Kingamwili,

Mheshimiwa,

Natumai u mzima, wewe na wote walio chini yako. Mimi wananiambia si mzima, na chanzo ni kichupa chenu.

Mimi ni fundi wa maabara, mwaka wa kumi na tisa huu. Mwezi uliopita tulinunua kwenu kingamwili za kumnasa Tarishi. Ndivyo tunavyoiita hapa ile protini inayokimbia ndani ya damu kuwaarifu askari wa mwili kwamba ugonjwa umeingia. Mlituahidi kwamba Tarishi akiwepo, kishimo cha sahani ya vipimo kitageuka njano. Asipokuwepo, kitabaki cheupe. Haya, malalamiko yangu ni haya:

1. Damu ya wagonjwa iligeuka njano, nikafurahi. Damu ya wazima nayo ikageuka njano, tena njano ya kukera.

2. Nikapima damu yangu. Njano! Nikafanya kosa la kumwambia mke wangu. Sasa sibebi hata ndoo, mama mkwe amehamia kwangu kuniuguza, na nikikohoa tu nyumba nzima inatazamana.

3. Nikapima maji safi. Njano. Jamani, maji yanaumwa nini?

4. Mkuu wangu, mama asiye na maneno mengi, amenipa hadi Jumatatu. Matokeo yasiponyooka, nahamishiwa chumba cha kuosha chupa. Mimi, niliyemfundisha yeye mwenyewe kushika pipeti! Usingizi sipati.

Na msinitupie lawama. Maelekezo yenu nimeyabandika ukutani. Ikifika hatua ya kuosha, ya kuondoa kingamwili zisizonasa kitu, naiweka sahani kwenye mashine, nabonyeza kitufe, nageukia chai yangu, kwani mashine haihitaji kusimamiwa.

Kwa hiyo naomba mkiri, kwa barua yenye mhuri, kuwa kingamwili zenu ni wazushi; muyaombe maji radhi; na mje kumwambia mama mkwe kwamba siumwi, maana mimi haniamini.

Nisalimieni wapakiaji, madereva, na hata sungura mnaowatoa kingamwili hizo. Wao sina ugomvi nao.

Wako mwenye uchungu,
Fundi wa Meza ya Pili

Baada ya sahihi: Mfanya usafi wetu amesogeza birika langu la umeme ili afute meza, akauliza mbona waya wa mashine ya kuoshea unaning'inia. Plagi ilichomolewa ili birika lipate umeme. Wiki tatu sasa. Birika ni langu. Nimeosha sahani kwa mkono: maji meupe, wazima weupe, kishimo changu cheupe pepepe. Nimekwenda mwenyewe kwa mkuu kabla hajaambiwa. Alinikabidhi brashi ya chupa, akaondoka na birika. Ningeichana barua hii, ila ombi la mwisho liko palepale: mama mkwe bado haamini, na leo amemwita dada yake.