Maboga ya Mama na Mtu wa Barafu

Jumatatu, tarehe 9

Mama ameteguka mkono! Aliteleza bafuni, kifundo kimevimba, daktari amemfunga bandeji na kumkataza kabisa kushika mwiko. Masikini mama yangu. Na masikini maboga yake. Sikukuu ni Jumapili hii, na sikukuu ya kwetu bila maboga ya kuponda ya mama, yale ya maziwa na kitunguu cha kukaanga, si sikukuu. Ni kikao tu cha watu wenye njaa.

Kwa hiyo nafasi iko wazi. Mungu anisamehe, naandika haya huku natabasamu.

Nieleze, maana hata shajara ina haki ya kujua ninavyoonewa. Kwetu kila mtu ana sufuria yake siku ya sikukuu. Baba mdogo anachoma nyama. Dada anapika wali. Mke wangu, mboga za majani. Na mimi, mzaliwa wa kwanza, fundi wa makochi ninayetafutwa na watu kutoka ng'ambo ya mji? Naleta barafu. Kila mwaka, barafu! Nilianza kuibeba kabla sijaota ndevu, sasa ndevu zina mvi na bado naibeba. Mtoto wa dada haniiti mjomba tu kama watoto wenye adabu. Ananiita Mjomba Barafu.

Jioni nimempigia mama simu, nikajitolea kupika maboga. Akauliza, na barafu ataleta nani? Nikasema barafu hata paka anaweza kuleta. Akasema sawa mwanangu, ila shemeji yako ameshaomba tangu asubuhi.

Ameshaomba! Mkono wa mama haujamaliza hata kuvimba!

Shemeji ni mume wa dada. Anafundisha watu udereva. Mtu mtulivu mno, hutabasamu hata mwanafunzi akipanda ukuta na gari. Sijawahi kumwamini mtu wa namna hiyo.

Jumanne, tarehe 10

Nimekwenda kwa mama na ndizi mbivu na uso wa majonzi. Vyote vimefanya kazi. Ameamua tulete wote wawili, mimi na shemeji. Watoto watakula, na sufuria itakayokwisha kwanza ndiyo itashinda. Mshindi atabaki na maboga moja kwa moja, maana yeye mwenyewe amechoka.

Moja kwa moja! Kuanzia Jumapili nitaitwa Mjomba Maboga. Si jina la kifalme, lakini ni chakula.

Nikamwomba anifundishe. Maziwa kiasi gani, mama? Kiasi chake. Kitunguu kinatiwa lini? Kikishakuwa tayari. Chumvi? Utajua. Kweli siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe haitaki kusema. Jambo moja tu alilisisitiza, tena akanishika sikio kwa mkono wake mzima. Nipike asubuhi ileile ya sikukuu. Maboga yakishatiwa maziwa hayalali, akasema. Hayalali, umenisikia?

Nilimsikia. Ila njiani nikawaza. Kwa nini asubuhi ileile? Shemeji anakaa nyumba ya pili kutoka kwa mama. Mimi nakaa nyuma ya kilima, na barabara unaijua. Nikipika asubuhi nitafika wenzangu wanachokonoa meno. Kuna mkono wa mtu hapa, na si ule ulioteguka.

Jumatano, tarehe 11

Nina akili! Wakati mwingine hata mimi najiogopa.

Alfajiri nimekwenda sokoni nikanunua maboga yote. Yote! Makubwa, madogo, hata moja lililopinda shingo. Bila boga shemeji ataponda nini, usukani? Muuza maboga, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, akaniuliza mbele ya soko zima nina ng'ombe wangapi. Nikajitia hamnazo.

Mke wangu amekataa yasiingie ndani. Akauliza, tutayala au tutayakalia? Hakujua kwamba amenipa wazo. Karakanani kwangu nina makochi ya wateja yanayosubiri kuchukuliwa, na chini ya kila kiti kuna uwazi mzuri sana. Nimeyapanga humo, nikayafunika kwa kitambaa, nikapiga pini. Ukitazama huoni kitu. Ukikaa taratibu, husikii kitu.

Jioni dada amepiga simu analalamika kwamba sokoni hakuna boga hata la dawa. Nikampa pole. Nilikuwa na huzuni ya kweli kwenye sauti, nusura nijiamini mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 12

Jaribio la kwanza, nyumbani. Mwiko ulikuwa mwepesi mno kwa boga lile, nikatumia nyundo ya mpira ya kazini. (Niliiosha!) Nusu ya boga iko ukutani. Nusu iliyobaki mke wangu ameionja, akatafuna, akameza, akaondoka. Hakutema. Baada ya miaka yote hii nimejifunza kwamba hiyo ni sifa.

Mchana nimefika karakanani, mdomo ukabaki wazi. Kochi jeupe la mwalimu mkuu halipo! Seremala jirani, mtu wa kusaidia bila kuombwa, akanieleza kwa fahari kwamba mwenyewe alikuja na gari la mizigo, mimi sipo, basi yeye akafungua na kumpakilia. Akasema kochi lilikuwa zito ajabu, hongera, kazi zangu siku hizi ni imara.

Sasa nifanyeje? Nibishe hodi kwa mwalimu mkuu wa shule, nimwambie samahani mama, naomba kupenyeza mkono chini ya kochi lako? Nimeamua kunyamaza. Watu wangapi duniani wamekalia wasichokijua wakaishi vizuri tu.

Ijumaa, tarehe 13

Mwalimu mkuu amekuja. Kwa miguu, na kwa kasi.

Jana jioni alikuwa na wageni. Wakakaa wote watatu kwa mpigo, kochi likasema kwaa! Springi moja imepasua kitambaa na kumsalimu mgeni mahali pasipostahili. Wakageuza kochi, wakatoa maboga. Nikamweleza kwamba hiyo ni njia mpya kutoka nje, inazuia springi kulegea. Akanitazama jinsi anavyowatazama watoto wanaosema daftari limeliwa na mbuzi. Akasema kochi litarudi wiki ijayo nilitengeneze upya, bure, bila mazao ya shambani.

Nikaomba radhi kwa unyenyekevu, nikauliza kama naweza kupitia kuchukua maboga yangu. Akasema ameshayagawa. Anajifunza gari, na asubuhi hii mwalimu wake wa udereva, mtu mwema sana, mwenye tabasamu, alikuwa anasikitika kwamba mji mzima hauna boga na mama mkwe wake anayategemea. Basi akampa yote. Matatu. Mazuri mno, akaongeza, tena yamelainika kwa kukaliwa.

Nikajitupa kwenye kochi la karibu. Nalo likasema kwaa.

Jumamosi, tarehe 14

Sijashindwa. Shemeji ana maboga, lakini hana sponji.

Mpango ni huu. Ninapika leo, kwa utulivu, bila mbio za asubuhi. Sufuria ikiwa bado inachemka naivika sponji nene pande zote, juu kitambaa cha ngozi bandia cha rangi ya damu ya mzee, halafu nashona. Mshono maradufu, uzi wa nailoni, sindano kubwa. Joto halitoki mpaka kesho. Na shemeji hawezi kutia mkono wala chumvi. Nimeweka na vifungo vinne vya mapambo. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi, hata kwa watu wanaolipa.

Na maboga yenyewe! Safari hii nilipunguza moto, nikangoja kitunguu kiwe kahawia, nikatia maziwa kidogokidogo. Nilionja, nikaonja tena. Yalikuwa yenyewe. Yale ya mama kabisa. Niliona kama yuko pale, sisi bado wadogo, mimi na dada tunagombania nani alambe mwiko. Machozi yalinilenga, na si ya kitunguu. Nilitaka sana mama aonje. Nilitaka aonje anitazame.

Mke wangu aliniuliza kama mama hakusema hayalali. Nikamwambia haya hayalali, yanakesha, tena kwenye joto. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwonyesha miguu yangu, yote mizima.

Akauliza na barafu je? Nikacheka. Mtu wa maboga habebi barafu.

Jumapili, tarehe 15. Sikukuu

Sitaki kuandika. Lakini nisipoandika mimi, wataandika wao.

Jua lilikuwa kali kuliko siku zote. Nilifika wa kwanza, nimekumbatia sufuria yangu iliyovaa. Mama akashukuru sana, akasema mto mzuri, ataweka mgongoni. Nikamwambia si mto. Akaugusa, akautazama, akaniuliza nimepika lini. Nikasema mama, leo ni siku ya furaha, tusiulizane mambo ya zamani.

Meza ikaandaliwa. Shemeji akafunua sufuria yake, mvuke ukapanda, watoto wakaja mbio. Zamu yangu. Nikakumbuka kwamba mkasi nimeuacha karakanani. Kisu cha jikoni kikapinda. Cha mkate kikatoka meno. Nilishona vizuri mno, ndiyo shida ya ufundi! Baba mdogo akaleta kisu cha nyama, huku watu wote wametuzunguka, na kutoka ndani ya sponji tukasikia mtu ananung'unika.

Mshono ulipoachia, mfuniko uliruka wenyewe.

Sitaeleza harufu. Nitasema tu kwamba mbwa wa jirani alikuwa amelala kivulini, akaamka akahama. Maboga yalikuwa yameumuka kama unga uliotiwa hamira, yana mapovu, yanapanda na kushuka. Mtoto wa dada akauliza, Mjomba Barafu, kwa nini yanapumua?

Sufuria ya shemeji ilikwisha kabla sijapata pa kujificha. Hata hakucheka. Aliniwekea sahani yangu pembeni mapema, akanipa na kijiko. Yalikuwa matamu. Si kama ya mama, kitunguu kilipungua, lakini matamu. Nilikula kwa hasira, nikaramba sahani kwa hasira.

Halafu watoto wakaomba vinywaji. Dada akamimina soda, ikamwagika povu tupu. Moto kama chai! Baba mdogo akajaribu yake, ikamtokea puani. Mtu mmoja akauliza, jamani, barafu iko wapi? Meza nzima ikageuka ikanitazama mimi. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Dada akasema sikukuu gani hii ya soda za moto. Watoto wakaanza kulia. Kilio cha kweli, cha kuzikia, na si cha maboga yangu! Cha barafu!

Mama akanivuta nikae karibu yake. Akasema maboga, mwanangu, mtu yeyote mwenye mikono anaweza kuponda. Nyama hungoja. Wali hungoja. Barafu haingoji mtu. Alinipa mimi barafu kwa sababu katika watoto wake na wakwe zake ni mimi peke yangu nisiyechelewa hata siku moja. Akauliza, kwani ulidhani nilikupa kwa nini?

Miaka yote hiyo nilidhani ni dharau. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, harufu na yote, na nikalia mbele ya shemeji bila kujali.

Naye shemeji alikuwa ameinama anachunguza sponji yangu. Akasema kinachotunza joto hutunza na baridi pia. Barafu ikishonewa humu itafika na kulala mpaka kesho yake. Watu wakapiga makofi. Mama akatangaza mbele ya wote kwamba barafu ni yangu maisha, na asiiguse mtu mwingine. Nimerudi nyumbani moyo mweupe.

Jumatatu, tarehe 16

Nimelala vizuri, nimetafakari sana. Jana nilipata somo kubwa na sitalisahau. Mama ananiamini kuliko wote. Amesema mwenyewe, watu wamesikia.

Sasa basi. Mtu anayeaminiwa kiasi hicho anafanya nini kwenye barafu?

Asubuhi nimempitia baba mdogo kumjulia hali. Analalamika mgongo. Anasema kuinamia jiko la nyama si kazi ya umri wake, na sikukuu ijayo huenda akaliachia mtu mwingine. Nikauliza kwa upole ni nani amewahi kuomba. Akasema shemeji yako ameulizauliza.

Ameulizauliza!

Nimetoka hapo moja kwa moja mpaka sokoni. Muuza mkaa ameshangaa, akaniuliza nina kiwanda gani cha matofali. Magunia yote yako karakanani sasa, na bado mengine hayajapata mahali. Bahati nzuri kochi jeupe la mwalimu mkuu limerudi leo. Nimelifungua. Chini lina nafasi nzuri sana.