Macho ya Severino

Jumatatu, 14 Machi 1988, Arua
Nimenunua karanga, zimefungwa kwa ukurasa wa gazeti la misheni kutoka Zaire. Karanga mbovu. Ukurasa dhahabu! Unasema baharini kuna uduvi asiyeona vizuri. Huchimba shimo mchana kutwa. Samaki mdogo hukaa mlangoni akiangalia hatari, na uduvi humgusa kwa sharubu zake. Samaki akitikisa mkia, wote ndani! Kila mmoja anapona kwa mwenzake. Bahari sijaiona, maji makubwa ninayoyajua ni mto Enyau. Lakini kazi ya kukaa mlangoni nimeumbiwa mimi.

Jumanne, 15 Machi
Nimemwendea Severino, fundi cherehani, rafiki yangu tangu tulipokuwa wakimbizi kule Aru, Zaire. Macho yake yameingia ukungu, anashona kwa vidole. Nikamsimulia. Akacheka sana, akasema uduvi huyo ni mjomba wake kabisa. Tumekubaliana: yeye atakata na kushona, mimi nitaona. Chakula cha mchana juu yake! Viktoria, kiongozi wa kwaya, ameleta vitenge vya Jumapili ya Matawi, vyenye picha za korongo. Severino anasema kazi hii ikitoka vizuri, hakuna atakayemwita tena fundi kipofu.

Alhamisi, 17 Machi
Siku ya kukata. Ametandika vitenge vyote, kimoja juu ya kingine, ili vikatwe mara moja. Mkono mmoja begani kwangu, mwingine kwenye mkasi. Akauliza kama vichwa vya korongo viko juu. Wakati uleule Sadiya muuza mandazi akapita ng'ambo, kilemba kipya! Nikasema juu kabisa, kata. Sadiya hata hakugeuka. Maringo gani haya!

Jumatatu, 21 Machi
Nimeona. Vichwa chini. Magauni yote kumi na mawili. Niliazimia kumwambia baada ya chakula. Baada ya chakula nikasinzia. Tena, nani anajua? Labda korongo hao wanatua.

Jumapili, 27 Machi
Jamani! Kwaya imeingia, korongo miguu juu. Kanisa zima likapinda shingo. Severino, kando yangu, akauliza watu wanacheka nini. Nikamwambia ni furaha ya sikukuu. Akatabasamu. Moyo wangu ulikufa pale pale.

Jumatatu, 28 Machi
Viktoria amemwambia yote. Severino hakupiga kelele. Aliuliza nilijua lini. Nikasema wiki iliyopita. Akasema angalikwenda mwenyewe kuomba radhi kabla ya watu kucheka. Halafu: "Yugu, mimi nilikata kwa mdomo yako." Akaniomba niondoke. Sasa dada yake Elena ndiye anayekaa naye. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 30 Machi
Nimepita mara tatu mbele ya cherehani yake, nikikohoa. Kikohozi changu anakijua. Hakuinua kichwa. Najuta, kweli najuta, hata ugali haupiti.

Lakini nimefikiri sana. Kosa ni la vitambaa. Vitambaa havina hatari, na bila hatari samaki husinzia tu! Sasa, Loro, dereva wa lori la Vurra, jicho lake la kushoto limekwisha. Nimemwambia nitakaa upande huo nimwangalizie barabara. Amefurahi mno. Tunaondoka kesho asubuhi, na abiria ishirini juu ya magunia.