Pikapu Yangu Jikoni kwa Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha ukweni. Nawaambia mapema, kabla hamjasikia kwa watu wa Usenge, maana wao wataongeza chumvi na kisa chenyewe hakihitaji chumvi.

Mnajua nilikuwa naenda ayie kwa kina Akinyi, mchumba wangu. Ndiyo siku mama wa msichana anasema kama amekubali au hajakubali. Baba anaweza kukupenda mpaka akuchinjie fahali, lakini mama akinuna, rudi Kisumu uendelee kujipikia. Na mnajua adabu zetu: mtu na mama mkwe hawakaribiani, hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana.

Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wangu, alitaka tupande basi. Nikakataa. Mtu ana pikapu yake ya dizeli (nzee, lakini yake) aende kuposa kwa basi?

"Hii gari umepeleka kwa fundi?" akaniuliza.

"Fundi wa nini, Baba? Hii gari mimi naijua."

Na kweli naijua. Asubuhi nilikuta paipu ya mafuta inavuta hewa, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli. Breki ya mkono haipo, nilifungua waya wake kwa sababu ulikuwa unapiga kelele. Breki ya mguu iko sawa, mradi injini inanguruma, maana injini ndiyo inayoipa nguvu. Basi nikavaa suti yangu ya kijivu, ile ya suruali pana chini, tukaondoka.

Kabla ya Bondo injini ikazima. Hewa. Nikafungua boneti, nikalegeza nati kwenye chujio la mafuta, nikapiga ile pampu ndogo ya mkono mpaka povu likaisha, nikakaza, ikawaka. Baada ya Bondo, tena. Baba mdogo hakunilaumu. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, ule wa mazishi.

Boma la kina Akinyi liko chini ya mteremko. Watu walikuwa wamejipanga langoni wakitungoja. Nikatoa gia ili tushuke bila makelele, kwa heshima. Katikati ya mteremko injini ikanyamaza.

Nikakanyaga breki. Ngumu kama jiwe. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Nikatafuta gia, nikashika goti la baba mdogo. (Alipiga yowe, mzee mzima.)

Tukaingia langoni bila sauti. Baba mkwe alikuwa amenyoosha mkono kunisalimu. Ningefanya nini? Nikatoa wangu dirishani.

"Habari ya hapa, Mzee," nikasema, nikampita.

Nikawasalimu mashangazi, nikawapita. Tukapita juu ya dagaa wa omena walioanikwa, kuku wakatawanyika, na pua ya gari ikapasua mlango wa jiko pamoja na kipande cha ukuta, ikakwama hapo hapo.

Vumbi likatua. Mbele ya kioo alikuwa amesimama mama mkwe, mwiko mkononi. Tukatazamana. Nikajitupa chini ya usukani, nikajifunika koti kichwani.

Sasa sikieni. Jiko lina mlango mmoja, na mlango ni mimi. Mama hawezi kutoka, na chakula chote cha wageni anacho yeye. Wanaume wakajaribu kusukuma gari kwenda nyuma, mlima ukawashinda. Lazima injini iwake. Ili iwake, hewa itolewe kwa pampu. Na pampu iko upande wa jikoni.

"Baba," nikanong'ona kutoka ndani ya koti, "mwambie Mama apige pampu."

"Mama, mkwe anaomba upige pampu."

"Muulize iko wapi," akasema mama mkwe.

"Anauliza iko wapi."

Nilikuwa nimemsikia. Boma zima lilikuwa limemsikia.

"Mwambie iko juu ya chujio."

"Iko juu ya chujio, Mama."

Nikavuta kamba ya boneti, ikainuka nusu, ikagonga paa. Mama akaingiza mkono, akapiga. Ule ni mkono wa kusonga ugali wa matanga! Dizeli iliruka mpaka kwenye sufuria ya kuku. Nikapiga stata, ikawaka, nikarudi nyuma huku nimeinama, siangalii popote.

Kuku tulimla. Baba mkwe alipoletewa nyongeza, alisema ameshiba sana.

Kisha baba mdogo akaitwa nyuma ya nyumba. Nilikaa nikisubiri, mikono inanuka dizeli, nikijua nimempoteza Akinyi kwa ajili ya kipande cha mpira wa baiskeli. Akarudi, akakohoa, akasimama mbele ya watu wote.

"Mama anasema amekubali kijana. Gari ndiyo hajakubali. Siku ya harusi akuje na basi."

Kwa hivyo tafadhali, msicheke. Nimeshachekwa na ukoo mzima, na nimerudi Kisumu peke yangu, kwa sababu baba mdogo yeye alianza kupanda basi leo leo.