Pete Ndefu za Mkandarasi

Profesa hakuwahi kufundisha darasa lolote isipokuwa la wajinga, na humo hakukosa wanafunzi. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya duka la bunduki. Alilipenda benchi lile kwa kuwa lilikuwa kivulini, na kwa kuwa watu wanaoingia kununua silaha za bei kubwa mara nyingi wana kiburi cha kutosha watu wawili.

Alihitaji windo kabla ya Jumamosi. Alikuwa akilala sebuleni kwa dada yake, na shemeji yake alishaanza kulitazama godoro lake kama mzigo uliosahauliwa na abiria.

"Jumamosi nina wageni," shemeji alimwambia. "Kama umepata chumba, hama. Kama hujapata, hama vilevile."

Ndani ya duka sauti zilipanda. Mkandarasi mmoja mnene, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko mazungumzo yake, alikuwa amenunua pale darubini ya bunduki, nene mbele kama chupa ya chai. Sasa alitaka pete mbili za kuifungia juu ya mtutu, na mama mwenye duka alimwekea pete fupi.

"Tuanze na hizi," mama alisema. "Karatasi ikipita kati ya darubini na mtutu bila kukwama, basi, zinatosha. Muhimu ni shavu lako lilale kwenye kitako cha bunduki. Ukifunga ndefu, utanyoosha shingo kama kuku anayemeza maji."

"Mama, mji huu nimeujengea maghorofa," mkandarasi alijibu. "Kifupi sijajenga hata choo."

"Darubini si ghorofa, baba."

"Usinifundishe mambo ya kimo."

Akachukua darubini yake akatoka kwa hasira. Profesa akainuka taratibu, kama mtu aliyeitwa kusali.

"Pole, mzee," alisema. "Nimesikia walivyokuvunjia heshima. Pete fupi ni za walinzi."

Mkandarasi akasimama. "Wewe unazijua hizi kazi?"

"Nimezifanya mpaka macho yameniuma. Hebu niambie, mtu akitaka kuona mbali, hupanda juu au huchimba shimo?"

"Hupanda juu."

"Basi darubini nayo ni hivyo hivyo. Ukiinyanyua, inaona."

"Nilijua," alisema mkandarasi.

Mtu akisema "nilijua" kuhusu uongo uliotungwa hapo hapo mbele yake, kazi imekwisha. Mungu alitupa masikio mawili, na wengine wameamua kuyatumia kuvalia miwani tu.

Profesa alisema hataki malipo, anataka tu haki itendeke. Mkandarasi, ambaye hakuwahi kumwamini fundi yeyote anayedai ujira wake, akamwamini huyu papo hapo.

Kesho yake Profesa alifika nyumbani kwa mkandarasi na pete zake. Zilikuwa vibanio vya bomba la maji, alivyoviunga kimoja juu ya kingine, akavipiga tupa na kuvipaka rangi nyeusi. Akafunga. Darubini ikakaa juu ya bunduki kama tangi la maji juu ya paa. Mkandarasi akaizunguka akiitazama, akaizunguka tena, machozi karibu yamtoke kwa fahari.

"Sasa hii ndiyo bunduki ya mtu."

Wakaenda uwanja wa shabaha. Mkandarasi akalala kifudifudi nyuma ya mfuko wa mchanga, akaweka shavu kwenye kitako, asione kitu. Akanyanyua kichwa, bado. Akanyanyua zaidi, shingo ikitetemeka, shavu likielea hewani bila pa kuegemea, hadi akaliona kopo la rangi kwa mbali. Akafyatua. Bunduki ikapiga teke, na kwa kuwa kichwa hakikuwa kimeshikwa na kitu, darubini ikarudi ikambusu juu ya jicho.

Kopo lilibaki limesimama, afya tele. Mkandarasi alikuwa na jeraha lenye umbo la mwezi mchanga juu ya nyusi.

"Imenipiga," alisema kwa mshangao.

"Nimeona, mzee, na nimeumia kuliko wewe." Profesa akachungulia darubini kwa huzuni ya daktari. "Ugonjwa uko ndani. Vioo vimegombana."

"Vioo hugombana?"

"Vikisafirishwa pamoja safari ndefu, ndiyo. Niachie siku mbili nivipatanishe."

"Na pete?"

"Pete hazina kosa. Lakini zije nazo, zimezoeana."

Hivyo mkandarasi akamkabidhi mgeni darubini yenye thamani ya gari dogo, akamshukuru, na njiani akamwambia kila aliyeuliza kuwa amegongwa na mlango.

Ijumaa Profesa aliingia duka la bunduki kwa mlango wa nyuma. Kwake darubini ile ilikuwa chumba, kitanda na kitasa chake mwenyewe. Aliiweka mezani, ikiwa bado imevaa vibanio vyake.

"Dada, nauza. Nimerithi kwa mjomba."

Mama mwenye duka aliitambua kabla haijatulia mezani, maana aliiuza yeye. Tena mkandarasi alishapita pale na plasta usoni, akimsifia fundi wake wa pete ndefu. Lakini hakumfichua. Tusidhani ni kwa huruma. Alikuwa akifikiria jinsi bidhaa moja inavyoweza kuuzwa mara mbili.

"Inaonekana nzuri," alisema. "Lakini siwezi kununua kitu sijakiona kikifanya kazi. Piga mara moja hapo nyuma, kwenye ukuta wa mchanga."

"Nipe basi pete fupi niifunge vizuri."

"Kwa nini? Nasikia hizi ndizo bora. Kuna mtu mjini anasema ni za watu wenye hadhi."

Profesa akacheka kidogo. Angeweza kukiri kuwa ni vibanio vya bomba, lakini fundi aliyekiri hauzi. Mama akaifunga kwenye bunduki yake yenye teke baya kuliko zote. Profesa akajiambia kuwa yeye anaujua mtego, hautamnasa. Akanyoosha shingo kama kuku, akashusha pumzi, akafyatua.

Mtego haukujali kuwa anaujua.

Damu ikamwingia machoni. "Pole jamani, kaka yangu, pole," mama alisema, akimpa kitambaa na kumkalisha kwenye kiti. "Inama hivyo hivyo. Usifungue macho." Profesa alipokuwa ameinama, mama alifungua darubini kwenye vibanio, akaiweka kwenye droo. Kisha akatoa kwenye kabati la kioo gamba la darubini la kuonyeshea wateja, rangi ile ile, umbo lile lile, tupu ndani kama ngoma. Akalifunga mahali pake.

"Samahani, sinunui," alisema. "Inapiga watu."

Profesa akatoka na mzigo wake kifuani, kitambaa kwenye jicho, akakutana uso kwa uso na mkandarasi aliyekuja kununua risasi. Wakatazamana. Miezi michanga miwili, mmoja kila uso.

"Na wewe mlango?" mkandarasi aliuliza polepole.

"Nilikuwa naijaribu, mzee. Ndiyo nakuletea. Vimepatana."

Aliona afadhali airudishe akimbie. Mkandarasi akaipokea, akaiweka jichoni, akamwelekezea. Hakukuwa na kioo mbele wala nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimwona Profesa vile alivyo, bila kukuzwa hata kidogo.

Alichofanya na vile vibanio mgongoni mwa Profesa hatutakieleza. Itoshe kusema vilikuwa vizito.

Baadaye mkandarasi aliingia dukani na kununua darubini nyingine. Mama alimwambia imeingia leo. Alishangaa inavyofanana na yake ya kwanza, akaambiwa nzuri zote hufanana, akasema nilijua. Alichukua pete fupi, ila aliomba zifungwe kwenye boksi lililoandikwa ndefu.

Profesa alifika kwa dada yake jioni. Godoro lilikuwa nje, limekunjwa vizuri na kufungwa kamba. Shemeji alikuwa amesimama kizingitini, akamtazama usoni.

"Umepatwa na nini?"

"Nimegongwa na mlango, shemeji."

"Pole," alisema shemeji. "Sasa sogea, nisije nikakugonga na mlango huu." Akaufunga.