Kitanda cha Tisa Hakijambo

Jumatatu, tarehe 4
Leo Metroni ametukusanya wauguzi wote kwenye chumba cha dawa. Kuanzia sasa tunamhudumia mtu mzima. Nikaandika kiganjani: watoto hawahusiki. Kumbe ana maana ya mtu mzima mzima: mwili, akili, roho, na jamaa zake waliokaa kwenye benchi nje. Kila asubuhi uzungumze na kila mgonjwa dakika kumi, kisha ujaze fomu. Nimepiga hesabu mara tatu, nikapata majibu matatu. Yote mabaya.
Jambo la pili: anatafuta msaidizi, atamtangaza Jumamosi. Hapo niliamka. Tunaofaa ni wawili tu, mimi na Daftari. (Si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu huandika kila kitu kwa mkono, kwenye kijidaftari cha mfukoni. Zama hizi!)
Jino la nyuma limeanza kuuma. Mke wangu kaniuliza habari za kazini. Nzuri.

Jumanne, tarehe 5
Nimepata! Kishikwambi cha wodi kinasikia sauti. Nimekaa na fundi wa kompyuta, tukakifundisha. Kikisikia sijambo, nzuri, salama au mzima, kiandike "anaendelea vizuri". Kikisikia naumwa, kiandike "anaumwa". Kisipoelewa, kiandike "hana fahamu". Hilo la mwisho ni wazo langu.
Nimekificha chini ya kitambaa kwenye toroli la dawa, wagonjwa wasije wakaona aibu. Nikapita nikisalimia. Wote wazuri! Isipokuwa bibi wa kitanda cha sita, aliyepasuliwa mguu wiki iliyopita. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Mashine: hana fahamu. Na huku anachana nywele! Nikarudi: hujambo, bibi? Sijambo, mwanangu. Tumemalizana. Shikamoo naiacha kuanzia kesho, haina nafasi kwenye fomu.
Dakika saba, wodi nzima. Daftari bado yuko kitanda cha pili, ameshika mkono wa mzee mmoja, wanazungumza habari za mbuzi.

Jumatano, tarehe 6
Leo nimeboresha: nimekiongezea neno hatujambo, kikilisikia kijaze vitanda vyote. Nimesimama mlangoni, nikapaza sauti: hamjambo? Wakaitikia kwa pamoja: hatujambo! Sekunde tatu, vitanda kumi na viwili. Hata cha tisa, ambacho hakina mtu tangu Ijumaa, kinaendelea vizuri.
Metroni amenisifu mbele ya watu. Fomu zangu zimejaa zote. Daftari amejaza nne.
Baadaye Daftari kanivuta pembeni. Ati bibi wa kitanda cha sita hamalizi chakula, na akisema sijambo hukunja uso. Nikamjibu kwamba uso haumo kwenye fomu. Wivu tu.
Natafunia upande wa kushoto.

Alhamisi, tarehe 7
Sielewi kilichotokea. Asubuhi daktari amefungua kompyuta, akaona wodi nzima haijambo siku mbili mfululizo. Akasaini watu saba waende nyumbani. Pamoja na kitanda cha tisa. Mtu wa mapokezi amemwita mgonjwa wa kitanda cha tisa kwa kipaza sauti saa nzima. Hakuitika.
Bibi alikuwa wa kwanza kufungasha. Mwanawe alishabeba mfuko, wamefika kwenye korido, Daftari akakutana nao. Akamwomba bibi akae kwenye benchi kidogo, akafungua bandeji. Mguu ulikuwa wa moto, umevimba, kidonda kinatoa usaha. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Daktari anasema angekaa nyumbani siku mbili tu, mguu ungekatwa.
Mwanawe akanitazama. Nilimwogopa. Nilijiogopa na mimi pia, kidogo.

Ijumaa, tarehe 8
Ofisini kwa Metroni. Anataka kujua kama niliwaomba wagonjwa ruhusa ya kurekodi sauti zao. Nikasema niliwasalimia kwanza. Akafumba macho muda mrefu. Nadhani alikuwa anafikiria uteuzi wa kesho.
Kisha nikaenda kwa bibi, maana wa kunitetea ni yeye. Mguu umenusurika kukatwa, namshukuru Mungu, na nimeshukuru kwa dhati. Nikamuuliza kwa nini aliniambia hajambo na huku kidonda kinaoza. Akanitazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi.
"Mwanangu, ulinisalimia," akasema. "Hukuniuliza."
Nimeligeuza neno hilo kutwa nzima. Kusalimia si ndiko kuuliza? Nilitaka Daftari anieleweshe, lakini kila niliyepishana naye alinitupia habari yako, nikawa najibu nzuri, nzuri, mpaka nikasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Jumamosi, tarehe 9
Daftari ndiye msaidizi wa Metroni. Kapewa meza yenye dirisha. Mimi nimepewa wiki mbili za kukaa na wagonjwa nikisikiliza, mikono mitupu. Kishikwambi kimefungiwa kabatini na ufunguo anao Daftari.
Akaniambia, kwa upole unaoudhi, nianze na bibi. Nimekaa dakika kumi. Bibi akaniuliza mbona shavu limevimba. Nikasema si kitu, bibi, mimi mzima.

Jumapili, tarehe 10
Jicho moja halifunguki vizuri kwa uvimbe. Lakini nimeelewa! Bibi alikuwa sahihi. Kosa si la mashine, ni la neno. Hujambo ni salamu tupu. Linatakiwa neno lenye huruma, la mwili, akili, roho na jamaa kwa mpigo mmoja. Pole!
Nimeweka programu ileile kwenye simu yangu (iliyokatazwa ni ya kishikwambi), nikaifundisha majibu mapya, nikaificha chini ya mto ili nijaribu. Mke wangu kaingia na maji ya chumvi, kaona shavu, kasema pole jamani. Nikamjibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri: asante, nimeshapoa.
Nikaitazama simu. Imeandika: "Amepona. Aruhusiwe kwenda nyumbani."
Na kweli niko nyumbani! Kesho naipeleka wodini.